Mwaka Kogwa ni tarehe ngapi? Muulize shangazi, usiulize simu

Miaka kadhaa nyuma nilitoka Dar nikapanda boti mpaka Unguja, nikadandia gari ya Makunduchi na kibegi changu mgongoni, najiona mjanja kweli maana nilishagugo na kila nilichofungua kilinambia Mwaka Kogwa ni tarehe 24 Julai. Nafika kwa shangazi namkuta ugani anaanika mwani, hana habari na mtu. Nikapita Kae Kuu, uwanja mtupu, katikati kuna duara la majivu na pembeni mabua ya migomba yaliyochakaa yameshaanza kuoza. "Mwaka ushakogwa mwanangu, wiki nzima sasa," akanambia, "wewe ulikuwa wapi?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Toka siku hiyo nikawa na swali moja tu, hivi sikukuu kubwa kiasi hiki inakuwaje haina tarehe? Nimeuliza wazee, nimesoma huku na kule, nimepiga hesabu mwenyewe, na kumbe jibu linaanzia mbali sana, nyuma kabla hata Uislamu haujafika huku kwetu.

Kwanza kwa wasiojua. Makunduchi ipo kusini mashariki kabisa mwa Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, na Mwaka ndo sikukuu yao ya kufunga mwaka wa zamani na kufungua mpya. Watu wanakwenda baharini kuoga. Baadaye uwanjani wanaume wa pande mbili za mji wanakabiliana kwa mabua ya migomba na wanachapana kweli, sio maigizo. Zamani zilikuwa fimbo, siku hizi mgomba ndo umeokoa vichwa vya watu. Wanawake nao wamevaa nguo zao za kutokea, kanga mpya, hina mkononi, wanazunguka wanaimba, nyimbo nyingine za mapenzi na nyingine matusi matupu ambayo siku ya kawaida ukiyatamka mbele ya mjomba wako utahama mji. Alafu kinajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, anachomoka mbio kwa nyuma kwenda kujificha vichakani, na wazee wanatazama moshi umeegemea wapi ili wausome mwaka unaokuja. Ukiisha moto inabaki kula na ngoma, siku tatu nne hivi.

Hilo jina lenyewe watu wa bara huwa linawachanganya. Kogwa inatokana na koga, yani kuoga, Kiswahili cha zamani na cha huko shamba bado kinasema koga. Kwa hiyo mwaka kogwa ni mwaka unaooshwa, unaogeshwa kama mtoto. Uchafu wote wa mwaka uliopita, ugomvi, chuki, maradhi, unaachwa majini na kwenye yale mabua. Ndo maana ukishachapana na jirani yako uliyekuwa huongei naye toka Ramadhani hakuna tena nongwa, mmemaliza, mnakwenda kula sahani moja.

Sasa tuje kwenye tarehe, hapa ndo pana kazi.

Nyumbani kwa shangazi kuna kalenda tatu na yeye anaziendesha zote bila kujiuliza. Ya kwanza ipo ukutani, ya Miladi, hiyo ni ya shule na hospitali na mishahara. Ya pili ni ya Hijria, ya mwezi, ndo ya kufunga na Idi, ndo yenye majina yetu ya Kiswahili ya mfunguo mosi, mfunguo pili mpaka mfunguo tisa, alafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Hii ina siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, wote tunajua Ramadhani ilivyo, mara ipo kwenye joto la Januari mara ipo kwenye baridi ya Julai. Ya tatu haipo ukutani wala haijaandikwa popote ndani ya ile nyumba, ni hesabu ya Mwaka, au Nairuzi kama wanavyoita wazee wengine. Hii ni ya jua, ina siku 365.

Kwa nini watu walihitaji ya tatu wakati wanazo mbili? Kwanza ile ya Miladi imekuja juzi tu ukilinganisha. Kabla yake Mswahili Muislamu alikuwa na mwezi, na mwezi kwa ibada ni mzuri sana ila kwa bahari na shamba hausaidii kitu. Huwezi kusema tunapanda mtama Shaabani, maana Shaabani mwaka huu ipo kwenye masika na baada ya miaka nane tisa ipo kwenye kiangazi. Na huwezi kusema jahazi liondoke Muskat mfunguo tano. Upepo haujui mfunguo tano. Kaskazi inaanza kuvuma kuanzia Novemba Disemba hivi mpaka Machi na ndo iliyokuwa inaleta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, kusi inaanza kama Aprili na ndo inayowarudisha, na kusi ikishika nguvu katikati ya mwaka nahodha mwenye akili anatulia bandarini. Ukikosea ukachelewa wiki mbili umekwama ugenini miezi mingine sita, na wengi walikwama kweli, wakaoa, ndo sisi hawa.

Kwa hiyo watu wa bahari wakawa wanahesabu siku kuanzia Nairuzi. Siku ya kumi, ya ishirini, ya mia, ya mia tatu na kitu. Mwongo ndo hapo ulipotoka, mwongo ni kumi, siku kumi kumi, ukipata miongo 36 una siku 360, unabakiwa na siku tano za kumalizia mwaka. (Hili neno ndo hilohilo tunalolisikia redioni siku hizi kwa maana ya miaka kumi, "miongo miwili iliyopita" na kadhalika, kumbe lilikuwa la wavuvi na wakulima.) Nahodha Ahmad ibn Majid, mtu wa Julfar kule upande wa Oman ya zamani, karne ya 15 aliandika mambo ya safari za Bahari ya Hindi na tarehe zake za kuondoka bandarini anazitoa kwa siku za Nairuzi, sio kwa Rajabu wala Shaabani. Ndo yule wanayesema alimuongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, stori ambayo wanahistoria wengi hawaikubali ila vijiweni haifi.

Mpaka hapo kila kitu kimekaa sawa. Tatizo ni kwamba mwaka wa jua sio siku 365 kamili, ni 365 na robo hivi. Kalenda ya Miladi inaitunza ile robo na kila miaka minne inaongeza tarehe 29 Februari. Hesabu ya Mwaka haiongezi kitu. Ikifika 365 imefika, mwaka mpya umeingia, twende baharini. Matokeo yake kila baada ya miaka minne Mwaka unarudi nyuma siku moja ukiupima kwa kalenda ya ukutani. Siku moja huioni. Ila miaka 40 ni siku 10, miaka 100 ni siku 24 au 25.

Chukua kalamu upige mwenyewe. Siku hizi Mwaka unaangukia katikati ya Julai. Rudi nyuma kama miaka 30, unaongeza siku saba nane, unapata tarehe 23 au 24 Julai. Unaona sasa? Ile tarehe ya vitabu vya utalii inaangukia kabisa kwenye miaka ya tisini mwanzoni, mimi nahisi mtu aliiandika wakati huo ikiwa sahihi, alafu kila aliyekuja akanakili kwa mwenzake na mimi nikapanda boti. Endelea kurudi mpaka miaka ya 1850 enzi za Sayyid Said, unakuta ni wiki ya mwisho ya Agosti. Rudi mpaka kwa Ibn Majid, miaka ya 1490, ni katikati ya Novemba, yani mlangoni mwa kaskazi kabisa, na kwa baharia hapo ndo pazuri pa kuanzia mwaka kuliko popote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia Mwaka Kogwa umewekwa Julai kwa sababu ni mwisho wa mavuno au kwa sababu ya kipupwe, mpe maji ya kunywa. Haujawekwa Julai. Unapita tu Julai, wajukuu zetu watausherehekea Juni.

Ila hii hesabu ilitoka wapi? Nairuzi ni Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi, hilo halina ubishi, neno lenyewe maana yake siku mpya. Sasa mtu anauliza, mbona Wairani Nowruz yao ni tarehe 20 au 21 Machi na haitikisiki, nyinyi mnaogea Julai? Hapo wengi wanakimbilia kusema Waswahili wamekosea hesabu. Ni kinyume chake, aliyebadilisha ni Muirani.

Ni hivi. Mfalme wa mwisho wa Wasasani, ukoo uliotawala Uajemi kabla ya Uislamu, Yazdegerd wa Tatu, alikalia kiti mwaka 632, mwaka uleule Mtume (S.A.W.) alipofariki, na kalenda iliyoanza kuhesabiwa kwake ilikuwa ya siku 365 kavu, haina siku ya nyongeza. Mwaka mpya wake wa kwanza uliangukia Juni. Baadaye sana, mwaka 1079, sultani wa Waseljuk, Waturuki waliokuwa wanatawala Uajemi, Malik Shah aliwakusanya wanajimu, Omar Khayyam akiwemo, wakairekebisha na kuibana Nowruz pale usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi. Hiyo ndo Iran wanayoifuata mpaka leo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakusubiri barua ya sultani, wao waliendelea na ile ya zamani kwa sababu ni rahisi, siku ni 365 kila mwaka, hakuna mwaka mrefu wala mfupi, hata asiyejua kusoma anaimudu kwa vidole na mafundo ya kamba.

Na sio sisi peke yetu tuliobaki nayo. Waparsi, wale Wazoroasta, yani wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliohamia Bara Hindi (na wengine wakaja Zanzibar, familia ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 ilikuwa Parsi), nao walibaki na siku 365. Karne ya 18 wakagundua hesabu yao imepishana na ya ndugu zao wa Iran kwa mwezi mmoja kamili, wakagawanyika, wengi wakabaki na yao ambayo siku hizi inaangukia katikati ya Agosti, na wachache walioitwa Kadmi wakaifuata ya Iran ya zamani. Hawa Kadmi mwaka mpya wao ni katikati ya Julai. Mlango wa jirani kabisa na Makunduchi. Mie nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba. Watu ambao hawajawahi kukaa kikao kimoja, wengine wapo Bombay wanaomba mbele ya moto wengine wapo Kae Kuu wanapigana na migomba, wanafunga mwaka karibu siku moja kwa sababu hakuna kati yao aliyekubali kuigusa ile hesabu.

Sasa je tuseme Mwaka Kogwa ni sikukuu ya Kiajemi? Hapa mie na wajuaji wa mitandaoni hatuelewani. Ni kweli watu wa Makunduchi wengi wanajiita Washirazi, yani wa asili ya Shiraz kule Uajemi, na kipande kidogo tu kutoka pale kuna msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, ya mwaka 500 Hijria, yani 1107. Ni kweli pia mwaka 2023 wanasayansi walitoa majibu ya DNA ya mifupa ya kale ya makaburi ya pwani wakakuta kuanzia kama mwaka 1000 kweli kulikuwa na damu ya Waajemi, zaidi kwa upande wa wanaume, imechanganyika na ya wanawake wa Kiafrika. Kwa hiyo wazee hawakuwa wanadanganya kama walivyosemwa miaka mingi. Lakini hao mama wa Kiafrika ndo waliolea watoto, ndo lugha iliyobaki, na mimi naamini ndo sherehe iliyobaki. Kilichotoka Uajemi ni hesabu. Moto wa kibanda utasema Wairani nao huruka moto kabla ya Nowruz, sawa, ila wale wavyale wenye dhamana ya ardhi na mizimu, makuti, migomba, kusoma moshi, matusi ya akina mama, imani kwamba ukikosa mgeni siku hiyo mwaka wako umeanza vibaya, hayo hayakupanda jahazi. Yalikuwepo, yakapewa tarehe.

Na neno Shirazi lenyewe Unguja lina siasa yake, chama cha Afro-Shirazi kiliundwa 1957 na hilo jina halikuwekwa kwa urembo, lilikuwa linawaunganisha wenyeji na waliotoka bara. Kwa hiyo ukiwa kijiweni ukauliza asili ya Mwaka Kogwa ujue unaweza kujibiwa historia, unaweza kujibiwa siasa, na anayejibu mwenyewe hajui ni ipi.

Alafu kuna dini. Wapo mashekhe wanaosema hii ni bidaa na zaidi ya bidaa, kuomba mizimu na kutabiri kwa moshi ni ushirikina, basi. Wapo wanaosema ni mila tu, oga, kula, samehe mwenzako, soma dua uende zako. Shangazi yangu anaswali swala tano na hajawahi kukosa Mwaka hata mmoja, ukimuuliza anakwambia Mungu ndo mwenye siku zote. Utamu ni pale kalenda ya pili na ya tatu zinapogongana. Miaka ya 2013 na 2014 Ramadhani ilikuwa inapita katikati ya mwezi wa saba, Mwaka ukaangukia humo ndani, na sasa fikiria sikukuu ambayo roho yake ni kulisha wageni mchana inakutana na mwezi wa kufunga. Hesabu inasonga kama kawaida, mwaka umeingia umeingia, ila sufuria zinakaa kimya mpaka magharibi. Watagongana tena huko miaka ya 2040 na kitu.

Msidhani pia ni jambo la Makunduchi peke yake. Siku ya Mwaka ilikuwa ya pwani nzima. Mombasa ng'ombe alikuwa anazungushwa mji wa kale alafu anachinjwa penye kaburi la Shehe Mvita, Lamu nako walikuwa na kuzinguo yao, ng'ombe anazunguka mji na visomo juu. Sehemu nyingi imefifia, imebaki kwa wazee au imebaki dua tu. Makunduchi imenusurika, na nadhani kilichoinusuru ni kwamba mji wote unashiriki, sio ukoo mmoja. Na siku hizi watalii. Wapo wanaolalamika kuwa mzungu na kamera yake ameharibu, mbele ya kibanda huoni kitu ila simu zimenyanyuliwa, viongozi wanakaa kwenye hema na hotuba zinakuwa ndefu kuliko vita vyenyewe. Ni kweli inakera. Ila mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa imani ya pale mgeni ni mgeni, hawakukuuliza umetoka wapi watakuwekea wali na mchuzi wa pweza.

Ukienda basi, usisimame karibu na mabua kama hutaki kuchapwa, hawachagui. Usishtuke ukitukanwa kwa wimbo, cheka. Mlango ulio wazi ingia, kataa chakula kwenye nyumba moja umewaudhi watu.

Swali langu la mwisho kwa shangazi lilikuwa, kwa nini msiiweke tu tarehe moja kama wenzenu wa Machi, mkaongeza na nyinyi siku kila miaka minne, watu wakajua, mahoteli yakajaa? Akanitazama kama nimesema tuhamishe bahari. Akanieleza kwamba wazee mwaka hawauiti kwa namba, wanauita kwa siku ulioingilia, mwaka Jumatatu, mwaka Jumanne, na kila mwaka una tabia yake kufuatana na siku hiyo. Nikapiga hesabu palepale kwenye simu, 365 gawanya kwa saba, 52, inabaki moja. Yani kila mwaka unasogea siku moja ya wiki, Jumatatu kisha Jumanne kisha Jumatano, bila kuruka hata mara moja. Ingiza ile siku ya nyongeza na mwaka mmoja mzima umepoteza jina lake.

"Kwa hiyo mwakani ni tarehe ngapi?" nikamuuliza.

"Tarehe mie sijui. Huu si umeingia Jumatano? Basi mwakani Alhamisi. Njoo Jumatano ulale hapa."